Lita Ishirini na Kitu

Ijumaa, Weybridge

Napier-Railton inavuja mafuta. Chini yake, pale kwenye makumbusho ya Brooklands, uwanja wa kale wa mbio za magari, pamewekwa sinia la bati, na ndani ya sinia mna matone meusi yaliyoanza kuganda. Mjomba aliinama kuyatazama hayo matone kabla hajalitazama gari lenyewe, akainuka na kusema, "Hii nzima. Injini isiyovuja haina mafuta."

Mjomba alitumikia injini za boti za kuvutia meli bandarini Kilindini mpaka alipostaafu, nami nimelelewa uani kwake Mombasa, baina ya vichwa vya silinda na ndoo za dizeli. Sasa nakaa Reading, Uingereza. Amekuja kunitembelea, na badala ya kumpeleka kutazama kasri la mfalme tumekubaliana safari ya namna nyingine: kuyafuata yale magari ya mbio ya kale yenye injini za kutisha, kuanzia hapa Surrey mpaka Turin. Sharti nililoweka ni moja, injini isipungue lita 20 za ujazo wa silinda. Probox ya kwetu ina lita moja na nusu, na hubeba watu, magunia ya mkaa na mbuzi juu yake. Basi mtu ajiulize lita 20 zilikuwa za kubeba nini.

Zilikuwa za kumbeba mtu mmoja. Napier-Railton ilijengwa 1933 kwa ajili ya John Cobb, dalali wa manyoya wa London, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Mchoro ulikuwa wa mhandisi Reid Railton, na kazi ilifanywa na karakana ya Thomson & Taylor iliyokuwa humu humu Brooklands. Injini ni Napier Lion ya ndege, karibu lita 24, silinda 12 zilizopangwa safu tatu: moja wima katikati, mbili zimeegemea huku na huku. Nguvu zake zinapita farasi 500. Mjomba alizunguka mbele kutafuta ngoma za breki, hakuziona, akamwendea mzee wa kujitolea aliyekuwa karibu.

"Breki za mbele ziko wapi?"

"Hazipo. Ni za nyuma tu."

"Na alikuwa anakwenda kasi gani?"

Tarehe 7 Oktoba 1935 Cobb aliuzunguka uwanja huu kwa wastani wa kilomita 230.8 kwa saa. Rekodi hiyo haikuvunjwa na haitavunjwa, maana vita vilipoingia 1939 mbio zilikoma, na njia ikaja kukatwakatwa.

Njia yenyewe ilijengwa 1907 na tajiri aliyeitwa Hugh Locke King, ndani ya shamba lake. Ni ya saruji, kilomita 4.4 kuizunguka, na kona zake ziliinuliwa mpaka karibu mita 9 ili gari lisilazimike kupunguza mwendo. Kipande kilichobaki unaweza kukipanda kwa miguu. Mjomba alikuwa amevaa kanzu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Alikamata pindo akapanda mpaka viatu vilipoanza kuteleza. Ukisimama pale unaona vibamba vya saruji vimepishana, kimoja kimezama, cha pili kimenyanyuka. Hata Cobb alizikuta kasoro hizo. Iko picha mashuhuri ya Napier-Railton ikiwa hewani, magurudumu yote manne yameachana na ardhi, na dereva ametulia kama abiria wa basi.

Siku chache baada ya kufunguliwa, Juni 1907, dereva S. F. Edge aliendesha gari la Napier humu kwa saa 24 mfululizo, ukingo wa njia ukiwa umewekewa taa nyekundu usiku kucha. Majirani hawakulala. Mbio za usiku zikapigwa marufuku. Nawaelewa majirani, mimi nimekulia karakana.

Tuliondoka mbio kuwahi treni ya Woking, kituo cha jirani, ambako uko Msikiti wa Shah Jahan. Ulijengwa 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa uwe msikiti tangu mwanzo. Mjomba alifurahi kuujua ni mkubwa kwa Brooklands kwa miaka 18. Tulifika khatibu ameshapanda mimbari.

Jumamosi, Prescott

Makumbusho ni ya macho. Ukitaka masikio yapate haki yao unakwenda mlimani. Prescott iko Gloucestershire, ni ya chama cha wenye Bugatti, na mbio za kupanda kilima zimefanyika hapa tangu 1938. Gari moja moja hupanda njia nyembamba ya kama kilomita moja, kwa kushindana na saa. Kila kiangazi VSCC, chama cha magari ya kale kilichoanzishwa 1934, huwa na siku zake hapa, na siku hizo yanatoka magari ya kabla ya Vita vya Kwanza.

Raha ya Prescott haiko njiani. Iko kwenye uwanja wa maandalizi, ambako unatembea katikati ya magari bila kamba wala mlinzi. Mwenye gari la thamani ya nyumba tatu amelala chali kwenye nyasi, miguu nje, akimwomba mkewe spana. Mjomba alikaa nusu saa hivi bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Tulisimama mbele ya gari moja refu, chesisi ya zamani na injini ya ndege ya silinda sita, bila boneti. Kila silinda imesimama peke yake, ndefu, na juu yake pana kibomba kidogo cha shaba chenye koki. Kijana alipita na kopo la mafuta lenye mdomo mwembamba, akafungua koki moja moja, akatia petroli kidogo, akafunga. Watu wawili wakaja mbele na hendeli ya kuwashia injini. Mjomba akanigusa bega.

"Tazama kidole gumba."

Kweli, wote wawili waliishika hendeli vidole vitano upande mmoja, gumba halikuzungushwa. Injini ikipiga teke kurudi nyuma, gumba lililozungushwa linaondoka na mkono. Mjomba anao mfupa uliovunjika hivyo akiwa kijana, kwa lori la zamani la mtu mwingine.

Wakavuta mara moja, hola. Mara ya pili ikakohoa moshi mweupe. Mara ya tatu ikashika, na sikusikia mngurumo niliozoea wa magari. Nilisikia mapigo. Kila mlipuko unajitegemea, unausikia kwanza kwenye nyayo kisha kifuani, na matairi yote yanatikisika papo hapo yaliposimama. Halafu ikaja harufu, tamu na nzito. Mjomba akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbarika!"

Ni kweli, ni mafuta ya mbarika. Injini nyingi za zamani hulainishwa kwayo kwa sababu hayapungui uzito haraka yakipata moto. Mjomba aliyanyweshwa na bibi kila mwanzo wa likizo ili kusafisha tumbo, na amekaa miaka sabini akidhani amesalimika nayo.

Hapa niseme kwa nini injini zilikuwa kubwa hivi, maana watu hudhani ni wazimu wa matajiri. Nguvu ya injini ni ukubwa wa kila mlipuko mara idadi ya milipuko kwa dakika. Mhandisi wa 1905 idadi hakuiweza. Pistoni zake zilikuwa za chuma cha kusubu, nzito. Vali ziliungua na kukatika. Petroli ilikuwa duni, ukiibana sana inalipuka kabla ya wakati. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika imefika mahali pake. Limebaki nini? Kuipanua silinda. Tena kanuni za mbio tangu 1902 zilizuia uzito wa gari usipite kilo 1,000, lakini ujazo wa injini hazikuugusa. Basi watengenezaji wakatoboa chesisi matundu, wakatupa kila kipande cha bodi, na kila kilo waliyookoa wakaitia kwenye silinda. Darracq ya 1905 ilikuwa na silinda nane, lita 25.4, na mwili haikuwa nao kabisa: viti viwili, tangi, rejeta na injini. Tarehe 30 Desemba mwaka huo Victor Hémery aliikimbiza kusini mwa Ufaransa, kati ya Arles na Salon, kilomita 176 kwa saa.

Nilimweleza Mjomba haya yote nikitegemea atashangaa. Hakushangaa.

"Injini yangu ya boti ilikuwa inazunguka mia tatu na kitu," alisema. "Injini kubwa haina haraka. Ukiiharakisha unaiua. Hawa walikuwa mafundi wa meli waliokosa bahari."

Nimesoma mengi juu ya magari haya na sijakuta aliyeyasema vizuri kuliko hapo.

Jumapili, Pendine

Tulitoka Cheltenham alfajiri kwa gari la kukodi (lita moja, silinda tatu, Mjomba hakuacha kulitaja) mpaka kusini magharibi mwa Wales. Pendine ni kijiji kidogo na ufuo mrefu, kilomita 11 za mchanga ulionyooka. Jambo la kwanza aliloliuliza Mjomba tuliposhuka ni la mtu wa pwani: leo bamvua au maji mafu? Hilo ndilo swali waliloliuliza wote waliokuja hapa kutafuta rekodi. Maji yakishapwa, mchanga unabaki mgumu na bapa kwa saa chache, halafu bahari inarudi kudai mali yake.

Malcolm Campbell alikuja hapa 1924 na Sunbeam yenye injini ya ndege ya lita 18. Kwa sharti langu haifiki, nimeitaja kwa heshima tu. Tulilolifuata sisi ni gari liitwalo Babs.

Babs alizaliwa kwa jina jingine. Count Louis Zborowski, kijana mwenye mali nyingi aliyeishi Higham karibu na Canterbury, alikuwa na tabia ya kununua injini za ndege zilizobaki baada ya vita na kuzitia kwenye chesisi za magari. La kwanza, lililokimbia Brooklands 1921, lilikuwa Mercedes iliyotiwa injini ya Maybach ya lita 23. La mwisho, ambalo ndilo Babs, lilipewa injini ya Liberty ya Kimarekani, silinda 12, lita 27, pamoja na giaboksi na minyororo iliyotoka kwenye Benz. Hakuwahi kulimaliza vizuri. Alikufa 1924 kwenye mbio za Monza, kama vile baba yake alivyokufa 1903 katika mbio za kupanda mlima La Turbie.

Gari likanunuliwa kwa pauni 125 na J. G. Parry-Thomas, Mwelisi, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Leyland. Hapo Mjomba alinisimamisha.

"Leyland hii ya malori?"

Hiyo hiyo. Kwa kizazi chake Leyland ni jina la mabasi na malori yaliyopanda Mazeras yakilia, na kujua kwamba mhandisi wao aliacha kazi akaenda kukimbia mchangani kulimfanya aisogelee Babs kwa jicho jingine. Aprili 1926, hapa Pendine, Parry-Thomas aliifikisha kilomita 275 kwa saa. Februari 1927 Campbell akamvua rekodi kwenye ufuo huu huu. Tarehe 3 Machi Parry-Thomas akarudi kuidai, Babs ikapinduka kwa kasi kubwa, naye akafa papo hapo. Kwa miaka mingi ilisemwa mnyororo ulikatika ukampiga. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye gurudumu la nyuma la kulia.

Wenzake walilizika gari mchangani. Lilikaa humo mpaka 1969, Owen Wyn Owen, mwalimu wa ufundi kutoka Bangor, alipopata ruhusa ya kulifukua, na akatumia miaka akilirudisha. Leo liko kwenye jumba la makumbusho, hatua chache na maji. Ni kubwa kuliko picha zake, buluu na nyeupe, na ubavuni, pale minyororo inapopita kuelekea magurudumu ya nyuma, kuna kifuniko cha bati upande wa dereva. Mjomba aliweka kiganja chake hewani kupima umbali kutoka kwenye kifuniko mpaka ilipo shingo ya mtu aliyeketi. Hakusema kitu, wala mimi sikumuuliza.

Nje nilimwambia ninavyofikiri. Magari haya ya injini za ndege nayapenda, lakini yana udanganyifu kidogo. Injini imetengenezwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Wewe umenunua nguvu sokoni ukaipachika. Nayaheshimu zaidi yale ya kabla ya vita, ambayo silinda yake ilisubiwa kwa ajili ya gari.

"Mwanangu," Mjomba akasema, "injini zote za boti zangu zilitengenezwa na watu wengine. Kazi ilikuwa kuzifanya zikubaliane na boti."

Tulibishana mpaka Carmarthen.

Jumatatu, Reading

Mvua. Tulirudisha gari, tukafua nguo. Mjomba aliifungua blenda yangu iliyokuwa ikikwaruza na kuifunga tena, haikwaruzi.

Jumanne, Paris

Treni ya chini ya bahari. Foleni ya paspoti pale St Pancras ilikuwa ndefu kuliko safari, na viza ya Mjomba ilitazamwa kwa makini mbele na nyuma. Usiku tulikula samaki karibu na Gare du Nord.

Jumatano, Arpajon

Hapana cha kutazama Arpajon, na nilimwonya mapema. Ni mji mdogo kusini ya Paris, treni ya mjini inafika. Nilichotaka ni barabara: ile ya kwenda Orléans, iliyonyooka, ambayo Julai 1924 ilifungwa kwa ajili ya watu wawili waliogombea kuwa wenye kasi kuliko wote duniani.

Wa kwanza ni René Thomas, Mfaransa, na Delage ya silinda 12 iliyotengenezwa kwa ustadi, lita 10 na nusu. Wa pili ni Ernest Eldridge, Mwingereza mwenye miwani. Alikuwa na Fiat ya 1908 ambayo injini yake ilipasuka Brooklands mikononi mwa mwingine; akainunua, akarefusha chesisi, inasimuliwa kwa vipande vya basi la London, na kuitia injini ya ndege ya Fiat A.12, silinda sita, lita 21.7. Watu wakaiita Mephistopheles, jina la shetani, kwa ajili ya moshi na kelele zake.

Tarehe 6 Julai Thomas alipita kwa kilomita 230.6. Eldridge naye alikimbia, lakini wenye Delage wakamwekea pingamizi: gari lake halina gia ya kurudi nyuma, na kanuni inaitaka. Wakasikilizwa. Eldridge akaenda akatengeneza kitu cha kurudisha gari nyuma, akarudi tarehe 12, akapita kwa karibu kilomita 235. Rekodi ikawa yake.

Mjomba aliipenda hadithi hii kuliko zote. Tulisimama kwenye kituo cha basi, malori yakitupita na kuturushia vumbi, akacheka mpaka akatoa leso. "Wamemwambia rudi nyuma, akarudi nyuma. Kisha akawapita mbele!"

Tulikunywa kahawa tukarudi mjini. Kama una siku moja tu Paris usiitumie hivi, isipokuwa una mjomba kama wangu.

Alhamisi, njiani

Treni kutoka Gare de l'Est mpaka Stuttgart, saa tatu na kitu. Mjomba alifuata kasi kwenye kioo kilichopo juu ya mlango. Ilipopita 300 aliniangalia. "Na chai haijamwagika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekosewa.

Ijumaa, Stuttgart

Makumbusho ya Mercedes-Benz ni jengo la duara lililofunguliwa 2006. Unapandishwa kwa lifti mpaka juu, unakopokewa na farasi mweupe, kisha unashuka kwa miguu, mwaka baada ya mwaka. Juu kule mna mambo mengi ya maana tuliyoyapita haraka haraka. Tulikuwa na miadi chini, kwenye ukumbi wa magari ya mbio.

Blitzen Benz ni nyembamba. Sikuwa nimelitegemea hilo. Mbele limechongoka, nyuma limechongoka, na katikati watu wawili hawawezi kukaa bila kugusana mabega. Ndani ya kifua hicho chembamba mna silinda nne tu, kila moja na upana wa milimita 185 na mwendo wa pistoni wa milimita 200. Zidisha: lita 5.4 kwa silinda moja, zote lita 21.5. Nguvu farasi 200 kwa mizunguko 1,600. Mjomba aliunganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili kufanya duara, akautazama upana wa pistoni, akalikuza duara kidogo.

"Hii ni sufuria," akasema. "Ya pilau ya watu sita."

Novemba 1909 Hémery, yule yule wa Darracq, alilipeleka Brooklands akavuka kilomita 200 kwa saa. Kisha likavuka bahari. Huko Daytona, Florida, Barney Oldfield akalifikisha 212 mwaka 1910, na Aprili 1911 Bob Burman akapita kwa 228. Ndege ya kwanza kuvuka 200 ilikuja 1913, kwa hiyo kwa kipindi hicho hakuna mtu yeyote, ardhini wala angani, aliyekuwa akienda kasi kuliko mtu aliyekaa juu ya hizi sufuria nne.

Hapa ndipo nilipopata hoja yangu. Hakuna aliyelitia hili injini ya ndege. Ndege zenyewe zilikuwa hazijajua kuruka vizuri. Kila kitu unakiona kimebuniwa kwa ajili ya jambo moja. Hata bomba za moshi, nne fupi, zinatoka ubavuni bila kona, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kumhurumia jirani.

Mjomba alikubali kwamba ni zuri. Akaongeza kwamba ni safi mno, na kwamba sakafuni hamna hata tone.

Jumamosi, Turin

Safari ndefu ya treni kupitia Zürich na Milano. Milima ilikuwa na theluji, Mjomba alilala.

Jioni nilimsimulia habari ya gari ambalo hatutaliona, kwa kuwa liko mikononi mwa mtu binafsi Uingereza. Huwezi kuja Turin usilitaje. Fiat S76 lilijengwa hapa 1910 na 1911 ili kuwavua Benz rekodi. Silinda nne, lita 28.4. Silinda moja ina lita saba, yaani zaidi ya injini nne na nusu za Probox kwenye tundu moja, na bado vali nne kwa kila silinda na plagi tatu. Farasi 290 kwa mizunguko 1,900, minyororo miwili nyuma. Yalijengwa mawili. Moja lilinunuliwa na mwungwana wa Kirusi, Boris Sukhanov, aliyemwajiri Arthur Duray kulikimbiza Ostend, Ubelgiji, Desemba 1913. Duray alifika kilomita 213, lakini kanuni ilitaka kwenda na kurudi, na kurudi hakukuwezekana. Rekodi haikuandikwa.

Baada ya vita, moja lilivunjwavunjwa, injini ikasalimika. Chesisi ya lile jingine ilikwenda kuonekana Australia. Karne mpya ilipoingia Mwingereza mmoja alivikutanisha viwili hivyo, akatengeneza kilichokosekana kwa kufuata michoro na picha, na Novemba 2014 ikawaka. Nimeiona kwenye video: ndimi za moto zinatoka kwenye matundu ya bomba, na dereva amegeuza uso pembeni.

Mjomba akauliza, sasa hilo ni gari moja au mawili? Halafu akajijibu: boti yake ya mwisho ilikuwa na injini ya boti nyingine na propela ya boti ya tatu, na bima ililipwa kwa jina moja.

Yaliyoyamaliza magari haya yalitokea 1912, kwenye mbio kuu za Ufaransa huko Dieppe. Fiat walikwenda na S74, lita 14. Peugeot wakaja na injini ya lita 7.6 yenye mihimili miwili ya kusukuma vali juu ya kichwa, inayopumua vizuri na kuzunguka kasi zaidi. Georges Boillot akashinda nayo. Idadi ya milipuko ilikuwa imeanza kuwezekana, na mhandisi mwenye akili hakuwa tena na sababu ya kuipanua silinda. Waliobaki na injini kubwa baada ya hapo ni wale waliozipata kwa bei ya chuma chakavu vita vilipokwisha, akina Zborowski na Eldridge.

Jumapili, Turin

Centro Storico Fiat iko Via Chiabrera, jengo zuri la mwanzo wa karne iliyopita, na ndani yake yuko Mephistopheles. Anatisha kwa kweli. Boneti imeanza kwenye rejeta na haijaisha mpaka umetembea hatua tano. Dereva amesukumwa nyuma mpaka anakaribia kukaa juu ya ekseli. Bomba la moshi limepita ubavuni, nene. Nilipiga picha nyingi, moja tu ndiyo iliyoingia gari zima.

Mjomba hakuutazama uso wake. Alikwenda moja kwa moja katikati ya chesisi, akachuchumaa, akatafuta mahali ilipoungwa. Mlinzi alisogea, Mjomba akaweka mikono nyuma kuonyesha hatagusa, wakaelewana bila lugha. Mlinzi akachuchumaa naye. Wakawa wanaonyeshana ribiti, mmoja kwa Kiswahili, mwenzake kwa Kiitaliano.

Aliporudi alikuwa na hukumu. "Yule wa Stuttgart ametengenezwa na kampuni, yenye pesa na watu. Huyu ametengenezwa na mtu. Injini ya ndege, chesisi ya maiti, kipande cha basi. Halafu akaambiwa hana gia ya kurudi, akaitengeneza kwa siku sita. Wewe mpende Mjerumani wako."

Nikamwambia Blitzen ilikimbia kwa 228 miaka kumi na mitatu kabla, kwa lita hizo hizo 21 na kitu, na Eldridge na ndege yake nzima aliipita kwa kilomita saba tu. Hapo alinyamaza kidogo.

"Saba ni saba," akasema, tukaenda kutafuta chakula.

Tiketi yake ya kurudi Mombasa ni ya wiki ijayo. Nilikosea kumwambia kwamba Shelsley Walsh, mlima mwingine wa Uingereza, umekuwa na mbio tangu 1905 na bado unatumika. Tangu tumalize kula ananiuliza kama shirika la ndege hubadilisha tarehe, na hutoza ngapi.